Sinia Moja Msimu wa Joto

Jumapili, tarehe 4, mwezi wa kwanza

Binti yangu ameniletea daftari. Daktari amesema presha yangu inapanda kwenye joto, kwa hiyo niandike kila siku nilichokula, chumvi niliyotia na maji niliyokunywa, na binti yangu atakuwa analikagua kila Jumapili. Ni mwalimu, kukagua ndiyo kazi yake. Mimi darasani sikuingia hata siku moja. Herufi alinifundisha yeye huyu huyu alipokuwa bado mtoto wa shule. Alikuwa ananisimamisha kwenye ukuta wa jikoni na kunichapa mkononi kwa mwiko nikikosea. Kwa hiyo mwandiko ukiwa mbaya asitafute wa kumlaumu.

Haya. Leo nimekula wali kidogo, samaki wa kukaanga, nyanya na matango kwa ndimu. Chumvi ya kumtosha mtu mwenye akili. Maji nimekunywa.

Leo pia nimelitoa jiko nje. Nyumba hii haipikiki ndani joto likishaanza. Bati linakushushia moto kichwani, jiko linakupandishia moto miguuni, unaiva wewe kabla ya maharage. Tangu watoto wakiwa wadogo, joto likifika tunahamia uani, pale ukuta unapotupa kivuli jioni. Mkeka, sinia moja katikati, kila mtu na mkono wake. Marehemu mume wangu alikuwa anasema kula namna hii ni kukosa adabu, na huku anasema ameshamega pande la nyama.

Msimu huu nimejipa kazi moja tu. Nataka wanangu wawili wale sinia moja kabla mvua haijanirudisha ndani. Hawasemezani tangu msiba wa baba yao, mwaka wa pili huu. Mwanangu wa kiume, kaka yake huyu mwalimu, ni fundi wa mafriji na mafeni. Siku ile, watu wamekaa, dada mtu akasema mbele ya wote kwamba baba amekufa kwenye chumba ambacho feni yake haizunguki, na mwanawe ni fundi feni. Kaka akajibu kwamba yeye angalau alikuwemo chumbani. Mwenzake alikuja kumwona mgonjwa na mfuko wa mitihani ya kusahihisha. Yote mawili yalikuwa kweli, ndiyo maana hayakusahaulika.

Tangu hapo Fundi anakuja Jumatano na Mwalimu anakuja Jumapili. Kila mmoja ana siku yake, kama kliniki.

Jumatano, tarehe 7

Fundi amekuja na mafuta ya mashine mpaka kwenye nyusi. Joto likipanda watu wote wanakumbuka wana friji. Yangu imekufa mwaka jana na imekaa jikoni na mlango wazi kama maiti iliyokosa wa kuifumba mdomo. Namuuliza, anasema wiki ijayo, mama. Mganga hajigangi, mama wa mganga ndiyo kabisa, aendelee kufa taratibu.

Kwa kuwa friji hakuna, kinachobaki kinachacha kabla ya asubuhi. Kwa hiyo silazi chakula hapa. Nikishalisha, kilichobaki kinaondoka na aliyekuja, ndani ya bakuli langu la bati. Leo nimempa maharage kwenye lile ambalo mfuniko wake ulikatika kishikio, marehemu akaupachika kizibo cha chupa na skrubu. Hakuna jingine kama hilo duniani, na asitokee wa kulitengeneza tena maana ni baya.

Wakati anaondoka nikamwambia dada yako anakusalimu. Hakunituma mtu. Lakini uongo wa mama ukiwa na nia njema Mungu hauandiki. Fundi akainamisha uso kwenye bakuli, nikaona koo linapanda na kushuka. Akasema asante, mama, akatoka haraka. Nikajua limempata.

Ijumaa, tarehe 9

Joto. Tikiti maji asubuhi, tikiti maji jioni. Nimekuwa tikiti mwenyewe.

Jumapili, tarehe 11

Mwalimu amekuja. Nilichoma kuku kwa ndimu na vitunguu saumu, viazi nikavichemsha asubuhi vikapoa, nikavichanganya na mayai na majani ya vitunguu. Chakula cha msimu wa joto kinatakiwa kikungoje wewe, si wewe ukingoje chenyewe. Anakula kama anasahihisha, anaanza upande mmoja wa sinia na anamaliza upande wa pili, hakuna kurukaruka.

Nikamwambia kaka yako aliuliza goti lako linaendeleaje. Akasema, “Aliuliza, eh?” Nikasema aliuliza sana. Akapangusa mdomo muda mrefu. Nikamwambia basi mara moja uje Jumatano, mle wote, mimi nitakaa katikati kama polisi. Akasema Jumatano ana vikao. Nikauliza Jumatano zote? Akasema, “Mama, sisi ni watu wazima, tuache tutafika wenyewe.” Nikamjibu mtu mzima hanuni miaka miwili, anayenuna ni mtoto na punda.

Daftari hakuliulizia. Kazi zimembana, masikini.

Jumatatu, tarehe 12

Jirani yangu anayeuza barafu, sisi tunamwita Mama Barafu, amekuja kukaa kivulini kwangu huku mifuko yake ikiyeyuka kwenye ndoo. Nikamweleza habari za wanangu. Akasema, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Nikamwambia huo ni ushauri wa wapita njia. Mimi ndiye niliyewazaa, jembe nikalime wapi?

Amekula viazi vyangu vya jana vilivyobaki. Nimemwonya vimeanza kubadilika. Amesema na yeye pia.

Jumatano, tarehe 14

Fundi hakuja. Ni mafriji ya hoteli. Nimekula wali wa watu wanne peke yangu, nilipochoka nikampelekea Mama Barafu.

Jumapili, tarehe 18

Mwalimu amekuja, amekula, ameondoka. Kavaa viatu vya kuondokea tangu alipofika. Nilipika samaki mzima wa makaa. Nikamwambia kichwa nimemwekea kaka yako, maana tangu utoto ndiye mla vichwa. Akasema Jumatano ni mbali, samaki ataoza. Kweli. Nikaula uchungu wangu pamoja na kichwa.

Alhamisi, tarehe 22

Leo nina mengi, nitaandika.

Juzi Jumanne nilianguka. Nilikuwa nasonga ugali juani kwa kuwa kivuli kilikuwa hakijafika, nikasikia masikio yanaimba, halafu nikaona chini panakuja juu. Mama Barafu alisikia kishindo kupitia ukutani. Akaja na alichokuwa nacho mkononi, yaani ndoo nzima ya bidhaa yake, akanimwagia. Nilizinduka nikidhani nimekufa na kuzimu ni baridi. Alipoona nimefumbua macho akaanza kulia na kunitukana kwa pamoja, kwamba nimemtia hasara ya siku nzima. Nampenda sana yule mwanamke.

Akawapigia simu wote wawili. Nikalala kitandani nikiwa na furaha ya kijinga. Nilisema moyoni, haya, wacha mama aanguke, mradi wakutane mlangoni.

Fundi alifika kwanza. Alinishika miguu akaniambia miguu yako ni baridi, mama, akawa anaisugua kama anawasha moto. Alinilisha uji. Alilia kidogo, akafuta kwa kitambaa cha mafuta ya mashine, sasa ana doa shavuni. Nikamuuliza dada yako anakuja saa ngapi? Akatazama simu, akasema hajui. Halafu akakumbuka ameacha friji ya mtu imefunguliwa, akaondoka. Hakuwa amefika hata mwisho wa njia nikasikia gari la Mwalimu.

Nikasema Mungu wangu, hivi wanachukiana kiasi cha kupishana kama jua na mwezi?

Mwalimu akaanza na dawa zangu, akazipanga. Akafagia chumba kisicho na taka. Halafu akakaa kwenye ukingo wa kitanda, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akanilazia kichwa chake kifuani. Akasema daktari ameshasema tangu mwaka jana kwamba sitakiwi kukaa peke yangu. Akasema:

“Mimi ningekuchukua hata kesho, mama. Lakini nikikuchukua, kaka atasema nimekuteka. Mpaka kwanza tupatane.”

Jana ilikuwa Jumatano, Fundi akarudi. Sikumwambia maneno ya dada yake. Yeye mwenyewe, anamenya chungwa, hanitazami, akasema:

“Ningekuchukua ukakae kwangu, mama. Ila dada atasema nataka nyumba. Mpaka kwanza tupatane.”

Nimeyarudia maneno haya mawili usiku kucha. Kumbe watoto wangu wananitaka, wote wawili, na kinachonizuia kwenda kulala kwenye nyumba yenye watu ni kinyongo chao tu. Mimi sikuwa nimewahi kuomba kuhama. Lakini mtu akishaanguka peke yake uani na kuona mchwa anapita karibu na jicho lake, anabadilika. Nataka kusikia mtu anakohoa chumba cha pili. Ndiyo hivyo, nimeandika.

Kwa hiyo sasa si suala la sinia tena. Wakipatana, nina pa kwenda.

Ijumaa, tarehe 23

Uji. Maji. Mama Barafu amenikataza kupika juani, amekaa mlangoni kama askari wa jela.

Jumapili, tarehe 25

Nimepika tena. Nimemwambia Mwalimu kwamba kaka yake alilia. Hilo halikuwa uongo. Akasema, “Najua.” Nikauliza unajuaje? Akasema anamjua kaka yake. Nikaona hiyo ni dalili nzuri, kwamba bado anamjua.

Daftari hakuliulizia. Sasa nimeshaacha kuandika chumvi.

Jumatano, tarehe 28

Nimempikia Fundi nyama ya kusaga nikaviringisha kwenye majani ya kabichi, chakula anachokipenda tangu hajaota meno ya mbele. Nikampa na ya mke wake kwenye bakuli la kizibo, alikuwa amelirudisha wiki iliyopita. Nikamwambia dada yako anataka mkutane, anaona aibu kuanza. Akaniangalia kwa huruma sana. Nadhani anamhurumia dada yake.

Jumapili, tarehe 1, mwezi wa pili

Mwalimu amekuja na mfuko wa mabakuli yangu. Alisema yamejazana kabatini kwake. Tulikula mkate, maharage ya baridi na vitunguu, akacheka hata kidogo, akaondoka mapema.

Jioni nikakaa kwenye beseni kuyaosha. La kwanza, la pili. La tatu nilikuwa nimeshalisugua na kulisuuza ndipo vidole vyangu vikagusa kizibo.

Nililigeuza. Nikaligeuza tena. Nilimpa Fundi Jumatano. Leo ni Jumapili. Limerudi na dada yake.

Nimetafuta njia zote za kuwatetea. Labda mke wa Fundi amekutana na Mwalimu sokoni. Labda Mama Barafu amechanganya. Labda nimezeeka na nilimpa Mwalimu mwenyewe. Lakini nyama ile sikumpikia Mwalimu, na kwenye ukingo wa mfuniko kulikuwa na uzi wa kabichi umekaukia.

Jumatano, tarehe 4

Fundi amekuja. Nililianika bakuli la kizibo juu ya jiwe, nyuma ya mgongo wake, kizibo juu. Nikampakulia. Akiwa katikati ya kula nikamuuliza, na lile bakuli la baba yako liko wapi?

“Lipo nyumbani, mama. Mke wangu anawekea unga.”

Hakupepesa jicho. Hata kijiko hakikutikisika. Nimemlea mimi huyu, siku zote akidanganya sikio lilikuwa linamwiva. Nilitazama sikio. Lilikuwa sikio la kawaida la mtu anayekula.

Nikamwongezea mchuzi.

Alhamisi, tarehe 5

Nimempigia simu mkwe wangu, mke wa Fundi. Ni mtoto mwema, hajui kudanganya, anafanana na mtu aliyelelewa na mama yake. Nikamwambia Jumamosi nataka kuja kuwasalimu. Akasema, ah, mama, Jumamosi hatupo, Jumamosi tunakuwa kwa wifi.

Halafu simu ikanyamaza mpaka nikasikia jogoo wa kwao.

Wifi yake ni mmoja tu. Nikamuuliza Jumamosi zote? Akasema, “Mama, naomba umuulize mwanao.” Alikuwa analia. Nikamwambia usilie, mwanangu, wewe ndiye mtu pekee uliyebaki huko.

Jumapili, tarehe 8

Leo hakuna aliyekuja. Ngoja niandike ya jana.

Nilivaa gauni langu la kijani, nikapanda basi. Mama Barafu alitaka kunisindikiza, nikamkatalia; ya ndani ya nguo hayahitaji shahidi. Nilifika jua likiwa limelegea. Nyumba ya Mwalimu ina geti la vyuma, unaona uani kabla hujagonga. Mwingine angesimama pale nje achungulie, avunjike moyo kimya kimya arudi kwao. Mimi si mtu wa kuchungulia. Lakini miguu ilisimama yenyewe, sikuituma.

Nilisikia kwanza kicheko. Cha Fundi. Sijakisikia tangu baba yake ameondoka, kilikuwa kicheko cha baba yake hasa, kinachoanzia tumboni. Halafu harufu ya samaki wa makaa. Jiko limewekwa chini ya ukuta, upande wa kivuli. Mkeka. Sinia moja katikati. Mwalimu alikuwa anamtolea kaka yake miba, anaipanga ukingoni, kama nilivyomfundisha kwa sababu Fundi aliwahi kukabwa akiwa mdogo. Alikuwa anamtania kwamba ana meno ya mbuzi na koo la kifaranga. Hana viatu vya kuondokea. Alikuwa peku.

Walikuwa wamependeza. Nilisimama pale nikaona nimewalea vizuri. Hilo ndilo jambo la kwanza nililofikiri, Mungu ni shahidi, kabla ya mengine kufika.

Nikasukuma geti. Mkwe wangu aliniona kwanza, akavuta kitambaa chake mpaka machoni. Halafu Fundi. Halafu Mwalimu akageuka na mwiba bado kwenye vidole.

Nikanawa mikono kwenye bomba lao. Nikaketi baina yao, nikamega samaki.

“Amekosa ndimu,” nikasema.

Nikala tonge la pili. Nikauliza ni tangu lini. Fundi akasema mama, naomba usikasirike. Nikamwambia sijauliza hasira yangu iko wapi, nimeuliza ni tangu lini.

Akajibu Mwalimu. Huyu hata akiwa mdogo, akishikwa hakimbii.

“Tangu mwaka jana, katikati. Alinipigia mwenyewe. Tukalia, yakaisha.”

“Na mkaona mimi nisifurahi?”

“Mama.” Aliuweka mwiba ukingoni. “Daktari alikuwa ameshasema hutakiwi kukaa peke yako. Tulijua siku utakayotuona pamoja utauliza unahamia kwa nani. Na hatukuwa na jibu.”

Nikamtazama Fundi. Alikuwa anachora kwenye mkeka kwa kidole. Nikakumbuka koo lake lililokuwa linapanda na kushuka nilipompelekea salamu za uongo, na yule mwingine alivyopangusa mdomo muda mrefu. Nilikuwa nawapatanisha watu ambao Jumamosi walikuwa wanasimuliana nilivyowapatanisha. Walikuwa na ugomvi mzuri, wakautunza, ukawa ukuta wa kujificha. Na chakula changu wakagawana nyuma yake.

Nikasema:

“Nimemwomba Mungu msimu mzima anioneshe nyinyi wawili kwenye sinia moja. Amenionesha. Sikujua kwamba kwenye sinia hilo mimi simo.”

Mwalimu akaanza kulia kwa namna yake, bila sauti, bila kuinamisha uso. Fundi akasema tulikuwa tunakuja lakini, mama, kila wiki tulikuwa tunakuja. Nikamwambia kweli, mlikuwa mnakuja, mlipangiana zamu kama walinzi.

Nilimaliza kula. Sikuacha chakula kwa ajili ya machozi ya mtu, chakula hakikukosa kitu ila ndimu. Halafu nikasubiri. Sikuuliza, nilisubiri tu, mikono nimeiweka magotini, niwape nafasi. Mtu yeyote angeweza kusema, haya mama, usirudi tena kule, kalale chumba kile. Nyumba ina vyumba. Nilisubiri mpaka makaa yakaanza kuvaa majivu. Mwalimu alitazama sinia. Fundi alitazama sinia. Mkwe wangu peke yake alinitazama mimi, na yeye hana sauti katika nyumba ile.

Fundi alinirudisha kwa gari lake la kazi. Nyuma friji ya mtu ilikuwa inagonga kila kwenye shimo, kama mtu anayetaka kufunguliwa.

Jumatatu, tarehe 9

Chai na mkate.

Jumanne, tarehe 10

Sikupika.

Jumatano, tarehe 11

Fundi amekuja bila njaa, amekuja na mtungi wa gesi na begi la vyombo. Akaingia jikoni. Nilikuwa sijamaliza kuchambua mchele, nikasikia friji inakohoa, inanguruma, inakaa sawa. Kumbe ilikuwa kazi ndogo hivyo. Akaosha mikono, akasema sasa mama utaweka chakula hata siku tatu hakichachi.

Alitarajia nimshukuru. Nikamshukuru. Baada ya kuondoka nikakaa mbele ya friji nikaisikiliza. Chakula hakichachi tena, kwa hiyo hakuna haja ya mtu kuja kukimaliza.

Alhamisi, tarehe 12

Mama Barafu amekuja kuniuliza kama friji yangu ina nafasi ya mifuko yake. Sasa tunafanya biashara. Nilimsimulia yote. Hakusema nilikuambia. Alisema tu, wamepatana, kapu unalo, shamba liko wapi? Tukacheka mpaka nikaumia mbavu, halafu sikucheka tena.

Jumapili, tarehe 15

Mwalimu alipiga simu. Nilimwambia nimekula.

Alhamisi, tarehe 19

Mawingu, lakini hayashuki. Hewa nzito kama blanketi lililolowa. Nimewachukia mchana kutwa. Jioni nimeona nyanya nzuri sokoni, za kupasuka, nikanunua za watu wengi kabla sijakumbuka. Mkono haujaambiwa.

Jumapili, tarehe 1, mwezi wa tatu

Wamekuja. Pamoja, kwenye gari moja, wamevaa kama watu wanaokwenda kuposa. Walileta kuku, mkate na matunda. Mwalimu alitaka kupika, nikamwambia uani kwangu napika mimi, yeye akate nyanya. Akakata. Fundi akapepea makaa. Kwa muda huo mfupi sikuwa na deni na mtu. Moshi uliniingia machoni, nikauacha.

Nikatandika mkeka, nikaweka sinia. Nikawamegea vipande vizuri, mmoja huku, mmoja huku. Nifanyeje, ni wangu. Mbingu ilikuwa nyeusi upande mmoja na hatukuwa na muda mrefu.

Fundi akakohoa. Akasema wamekaa, wamezungumza, wanataka walimalize lile jambo. Halafu akasema:

“Mimi naona, mama, hakuna mtu anayekujua kama dada. Nyumba yake kubwa, dawa zako anazijua kwa majina. Ana moyo wa pekee dada yangu.”

Mwalimu akamgeukia haraka.

“Lakini kaka ndiye mwenye subira. Mimi nina hasira, mama unanijua. Kwake kuna mke nyumbani, kuna mtu mchana kutwa. Na hospitali iko karibu. Hakuna mtoto mwenye huruma kama huyu.”

“Dada anapika vizuri kuliko sisi wote.”

“Kaka hajawahi kukupandishia sauti hata siku moja.”

Wakaendelea. Miaka miwili nilikuwa natamani nisikie mmoja anamsema mwenzake kwa wema, nikawa natunga salamu mwenyewe, na leo wema ulikuwa unamiminika toka pande zote mbili, unanipita mimi katikati. Hakuna aliyekuwa anasema uongo. Dada ana moyo kweli. Kaka ana subira kweli. Mikono yao ilikuwa kwenye sinia, imeshika matonge ambayo hayaendi mdomoni.

Nikawaambia nimeamua. Nabaki kwangu. Mama Barafu atanigongea asubuhi na jioni, tumeshakubaliana.

Niliwatazama usoni wakati nasema, maana sikutaka jibu lao, nilitaka nyuso zao. Wote wawili walishusha pumzi kwa pamoja, kama walipokuwa wadogo nikishawaambia kesho hakuna shule. Halafu Mwalimu akasema, “Una hakika, mama?” Fundi naye akasema lakini tutakuwa tunakuja, na alikuwa ameshapeleka tonge mdomoni.

Walikula vizuri. Walikula kwa njaa, wakagombania paja kama zamani, wakacheka. Mvua ilipodondoka matone ya kwanza nikawaambia wasiinuke, wamalize. Wakamaliza sinia lote.